Neno Nililolitafsiri Vibaya

Sisi tuliozaliwa Gusii tunaijua vyema hila ya maneno. Katika Ekegusii, mtoto akisema "baba" anamwita mama yake mzazi. Baba yake humwita "tata". Mwalimu wangu wa darasa la kwanza, aliyekuwa mtu wa Pwani, alitaabika kabla ya kufahamu kwa nini mwanafunzi mmoja alimwambia kwamba hakufika shuleni kwa sababu baba alikuwa amejifungua. Alipofafanuliwa alicheka, nasi tukacheka pamoja naye. Tangu siku hiyo nikajua kwamba neno linaweza kufanana na jingine kama pacha na pacha, ilhali maana zao ziko mbali kama mbingu na ardhi. Nilidhani somo hilo nilikuwa nimelihitimu. Miaka mingi baadaye neno jingine dogo, lisilo na hila yoyote masikioni, lilinishinda kulitafsiri, na kosa langu nusura limwangamize mtu wa damu yangu.

Kisa hiki ni cha baba yangu mdogo, ambaye kwetu humwita tatamoke. Nimemwomba idhini ya kukisimulia naye amenipa, kwa sharti kwamba jina lake nilihifadhi. Ameniambia: "Waandikie hao wasomi wenzako. Huenda mmoja wao akawa polisi au hakimu." Basi nami naandika.

Tatamoke alikuwa fundi cherehani katika soko la Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira kiasi kwamba mteja anaweza kupimwa suruali katika kaunti moja na kunywa chai katika kaunti nyingine. Sare zangu zote za shule alizishona yeye. Wakati wa babu yangu, pombe ilikuwa amarwa, pombe ya nafaka iliyowekwa katika chungu kimoja, wazee wakakizunguka kila mmoja na mrija wake. Chungu hicho kilikuwa na wakati wake, watu wake na adabu zake. Tatamoke hakuirithi pombe hiyo. Yeye alirithi chang'aa, kinywaji cha kikombe kimoja na mtu mmoja, kinachouzwa gizani na kunywewa upesi.

Mwanzoni alikunywa baada ya kazi. Kisha akawa anakunywa ili aiweze kazi. Nilimwona mara nyingi asubuhi akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Mikono ilimtetemeka kama jani la mgomba lipigwalo na upepo. Akitoka na kurudi baada ya robo saa, mikono ilikuwa imetulia na uzi uliingia mara moja. Vijana wa mtaani wana jina la jambo hilo: husema mtu ameenda "kutoa loki". Sisi nyumbani tulilichukulia kuwa mzaha. Hatukujua kwamba mtu ambaye mikono yake haitulii mpaka anywe ameshapita mahali pa starehe na kuingia katika ugonjwa.

Mwaka wa 2022 nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nikingoja kujiunga na chuo kikuu. Ijumaa moja jioni polisi walifanya msako wa pombe haramu, na tatamoke akawa miongoni mwa waliokamatwa. Tata alikuwa Kericho kikazi, na nyanya yangu hajui Kiswahili wala Kiingereza. Nikatumwa mimi kituoni. "Wewe ndiwe mwenye Kiswahili," nyanya aliniambia, na kwa kweli nilijiona mtu wa maana sana.

Kituo chenyewe sitakitaja. Afisa aliyekuwa kwenye meza ya taarifa hakuwa mtu mbaya. Alitoka mbali na Gusii, alikuwa peke yake, na mbele yake palikuwa na foleni ya walevi waliopiga kelele. Tatamoke hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akirudia maneno yale yale kwa sauti ya chini: "Narosire. Tiga ngende."

"Msichana, huyu anasema nini?" afisa akaniuliza.

Nikajibu kwa Kiswahili changu sanifu: "Afande, anasema amechoka, anaomba kwenda nyumbani."

Afisa akacheka kidogo. "Mwambie kila mtu hapa anataka kwenda nyumbani."

Nami nikacheka pia. Naungama hapa mbele yenu, wasomaji wangu, kwamba nilicheka.

Neno kwa neno, tafsiri yangu haikuwa na kosa kubwa. "Narosire" ni nimechoka. "Tiga ngende" ni niache niende. Lakini neno "nyumbani" halikutoka kinywani mwake. Nililiongeza mimi ili sentensi ikamilike. Kitenzi chake hakikuwa na mahali pa kuelekea. Mtu mzima, mwenye akili zake, alikuwa ameketi sakafuni akiomba aachwe aende, bila kutaja aendako, nami nikamtafutia mwisho wa safari uliomfaa afisa na ulionifaa mimi. Mtaalamu wa tafsiri angesema nilifasiri maneno nikamwacha msemaji.

Tuliambiwa kwamba mkubwa wa kituo hayupo na kwamba habari ya dhamana ingoje Jumatatu. Nikarudi nyumbani.

Sasa niruhusuni nieleze jambo ambalo laiti ningelijua usiku ule. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24. Na ikiwa saa hizo zitaishia nje ya saa za kazi za mahakama, basi afikishwe kabla ya kumalizika kwa siku inayofuata ya mahakama. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni hulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Hiyo ndiyo saa ya sheria.

Mwili wa mraibu wa pombe nao una saa yake. Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho huanza mtetemeko, jasho, kichefuchefu, kukosa usingizi na hofu isiyo na sababu. Katika siku mbili za kwanza mtu anaweza kupatwa na kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa, wakaona na kusikia yasiyokuwepo. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Ziweke saa hizi mbili bega kwa bega, msomaji, nawe utaona kwamba tangu Jumamosi alfajiri hadi Jumatatu asubuhi, wakati mahakama zimefungwa, ndipo mwili huo unapopita katika bonde lake la giza.

Na giza hilo si la mwili pekee. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka ulimwenguni, na pombe ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo. Mwaka wa 2007 shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu kuzuia kujiua katika magereza na mahabusu. Linaeleza kwamba saa za mwanzo za kuzuiliwa ni za hatari kubwa, hasa kwa aliyekamatwa akiwa amelewa, na kwamba kumtenga mtu peke yake huizidisha hatari hiyo. Aibu, hofu ya kesho, kukatwa ghafla na kileo na kutengwa na jamaa: yote hayo humwangukia mtu mmoja usiku mmoja. Sisi tulimwona mlevi tu aliyefungiwa apate kulevuka.

Jumapili kabla ya mapambazuko, tatamoke alijaribu kujiua ndani ya seli. Sitaeleza namna, kwani namna haimfundishi mtu chochote chema. Nitasema tu kwamba mahabusu mwenzake, kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa kuku, aliamka, akamshika na kupiga mayowe mpaka polisi wakaja. Kwa sababu ya kijana yule, ambaye mahakama ilimwita mshukiwa, tatamoke yu hai.

Alipelekwa hospitalini akiwa chini ya ulinzi. Nilipofika nilimkuta amefungwa pingu kitandani, akitetemeka na kuzungumza na watu ambao sikuwaona. Nikadhani amerukwa na akili. Daktari alinieleza kwamba huo ulikuwa mwili uliokoseshwa pombe ghafla, akampa dawa, na siku tatu baadaye alinitambua na kuniita kwa jina. Jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa: "Cherehani yangu iko wapi?"

Alipofikishwa mbele ya hakimu, mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kulewa na kuzua rabsha, kosa ambalo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 imeliwekea faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. La pili lilikuwa jaribio la kujiua, kinyume cha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Nilikuwa nimeketi katika benchi la nyuma. Karani alisoma mashtaka, na mkalimani akayageuza kwa Ekegusii, maana Katiba katika kifungu cha 50 inamhakikishia mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani asiyelipiwa. Mkalimani yule aliifanya kazi yake kwa ufasaha. Tatamoke alipoulizwa kama ni kweli, alijibu, "Ni kweli." Angejibu nini kingine?

Hapo ndipo nilipong'amua pengo ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo. Sheria inataka aliyekamatwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Mahakamani inampa mkalimani. Kote huko sheria inajali kwamba mtu aelewe. Lakini usiku ule wa Ijumaa, penye meza ya taarifa, tatizo halikuwa kwamba tatamoke hakuelewa. Tatizo lilikuwa kwamba yeye hakueleweka. Aliyekuwa mkalimani wake ni msichana wa miaka kumi na minane aliyeringia Kiswahili chake.

Hakimu hakumhukumu siku hiyo. Aliagiza uchunguzi wa afya ya akili na ripoti ya afisa wa probesheni, na tatamoke akarudishwa rumande. Baada ya wiki kadhaa aliachiliwa awe chini ya uangalizi wa afisa huyo, na ahudhurie kliniki. Namshukuru hakimu yule, kwa kuwa sheria ilimruhusu kufanya vinginevyo.

Afisa wa probesheni alikuwa mama wa makamo. Alikuja nyumbani, akakaa juu ya kigoda jikoni kwa nyanya, akanywa chai, akauliza habari za shamba na za cherehani. Kisha, kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za shamba, akamuuliza tatamoke kwa Ekegusii: "Je, bado unafikiria kujiua?" Nyanya alishtuka akashika mdomo. Kwetu jambo hilo halitajwi. Huaminika kwamba kulitaja ni kuliita. Lakini tatamoke aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe nilimwona akilia. Akasema, "Ndiyo, hasa alfajiri." Wakazungumza kwa zaidi ya saa moja. Baadaye nilijifunza kwamba wataalamu wamelichunguza jambo hili: kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, bali humpa nafasi ya kulitua. Katika watu wote waliompitia tatamoke, kuanzia polisi hadi jamaa zake, mama yule ndiye wa kwanza kumuuliza.

Nilipojiunga na chuo kikuu nilisoma riwaya za Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika ya 1971 mhusika mkuu anajiua. Katika Kichwamaji ya 1974, Kazimoto naye anajiua. Darasani tulijadili vifo hivyo kwa muda mrefu: udhanaishi, utupu wa maisha, ukengeushi wa msomi. Niliandika insha ndefu nikapata alama nzuri. Usiku baada ya kurudishiwa karatasi yangu sikulala. Niliweza kueleza kwa kurasa nane kwa nini Kazimoto alichoka na maisha, lakini mtu halisi aliponiambia "narosire" mbele ya macho yangu, nilimfasiria kwamba ana usingizi. Sisemi tuache kuzisoma riwaya hizo. Nasema kwamba usikivu tunaowapa wahusika wa vitabuni ni deni tunalodaiwa na watu walio hai.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Walalamishi walikuwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili na Charity Muturi. Jaji aliona kwamba kifungu hicho kilimbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake, kikamvunjia utu na kumzuia kuipata haki ya afya. Kifungu chenyewe tulikirithi kutoka kwa wakoloni. Waingereza walikifuta kosa hilo kwao mwaka wa 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wetu. Sisi tulibaki nacho kwa zaidi ya miaka 60 baada yao. Nilimpigia tatamoke simu nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kwa hiyo sikuwa mhalifu." Nikamjibu kwamba hakuwa.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Kufutwa kwa kosa hakumfundishi afisa wa zamu kutambua mtetemeko wa mikono. Misako nayo haijakoma: ilikuwepo mwaka wa 2015, ikawepo tena mwaka wa 2024 baada ya watu kufa kwa pombe yenye sumu katika kaunti ya Kirinyaga, na kila msako huzijaza seli waraibu wanaokatwa kileo ghafla. Tena hatari haiishii langoni mwa gereza. Utafiti uliofanywa Uingereza na Wales na kuchapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba wanaume waliotoka gerezani walikuwa na hatari ya kujiua mara nane hivi kuliko wanaume wengine, na takribani mmoja kati ya watano wa waliojiua katika mwaka wa kwanza alifanya hivyo ndani ya siku 28 za mwanzo. Tatamoke alipotoka rumande, wateja walikuwa wamehamia kwa fundi mwingine, na wapo majirani waliotaka afanyiwe tambiko kabla ya kuingia uani kwa nyanya. Nyanya alitoka nje, akamshika mkono, akaingia naye. Hilo ndilo tambiko lililofanyika.

Wanachama wenzangu, sisi si madaktari wala mawakili. Tulicho nacho ni maneno, na katika jambo hili maneno ni sehemu ya tiba na pia sehemu ya ugonjwa. Ndugu zetu wa Pwani wana neno "arosto", la mtaani ndiyo, lakini linaloitaja barabara dhiki ya mwili uliokoseshwa dawa za kulevya. Anayesema "ana arosto" anakiri kwamba mtu huyo ni mgonjwa. Mtaani kwetu tuna "kutoa loki", neno la mzaha linaloificha dhiki hiyo hiyo. Katika karatasi za kituoni sikusikia neno lolote. Palikuwa na "mlevi" tu. Kati ya mlevi na mraibu kuna tofauti ya tabia na maradhi, na afisa anayelijua neno la pili atauliza maswali ambayo la kwanza halimdokezei: Ulikunywa lini mara ya mwisho? Hunywa kila siku? Usipokunywa hutetemeka? Umewahi kupatwa na kifafa? Umewahi kujaribu kujiua? Je, sasa hivi unafikiria kufanya hivyo?

Ni maswali sita. Mwaka jana, wakati wa likizo, mimi na tatamoke tuliyatafsiri kwa Ekegusii, tumeketi kando ya cherehani yake. Nilileta tafsiri zangu nikiwa na kamusi mbili, yeye akazikosoa. Swali la mwisho alilikataa mara tatu. La kwanza, alisema, lilisikika kama shtaka. La pili lilisikika kama mahubiri. La tatu halikutaja kifo waziwazi, na alisema mtu aliye katika hali ile hana nguvu za kufumbua mafumbo. Mwishowe alinipa maneno ya yule mama wa probesheni, yale yale aliyoulizwa jikoni. Tumempelekea mama huyo karatasi hiyo, na ameiweka katika mkoba wake.

Msomaji angependa nimalizie kwa kusema kwamba tatamoke amepona kabisa. Ameanguka mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili amerudi kliniki kwa miguu yake mwenyewe. Leo anashona. Asubuhi uzi huingia sindanoni, siku nyingine kwa taabu, lakini huingia.

Kila ninapofika nyumbani na jioni ikaingia, husimama na kusema, "Tiga ngende." Ni maneno ya kawaida ya mtu anayeaga. Nami siku hizi simwachii sentensi hiyo ikae bila kikomo. Humuuliza: "Waenda wapi, tatamoke?" Yeye hutabasamu, kwa kuwa anajua ninachouliza, akanijibu: "Kulala tu, mwanangu. Kesho kuna sare za watoto."